Asilimia 90 ya Nini, Kwani?

Jumanne iliyopita, saa moja na dakika kumi jioni, nilikuwa nimebakisha dakika nne hivi kumaliza kuediti video. Stima ikapotea. Kwa ploti yetu hapa Rongai tumezoea mpaka hakuna mtu hupiga kelele tena. Unasikia tu milango ikifunguka, watu wakitoka kwa koridoo kuulizana lile swali: "Ni sisi pekee ama ni mtaa wote?" Ukiona ng'ambo pia kuna giza unapumua, angalau si tokeni zako zimeisha.

Chini, kinyozi akavuta kamba ya jenereta, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ikashika. Kando yake mama wa chapati hata hakuinua kichwa. Jiko lake halijui kama stima iko ama haiko. Mimi nikakaa kwa ngazi na laptopu yenye betri imekufa, nikikumbuka hiyo video nilikuwa naediti inahusu nini.

Ilikuwa inahusu vile Kenya tuko mbele ya dunia kwa stima safi. Asilimia 90. Nilikuwa hata nimeweka muziki wa kishujaa.

Video bado iko kwa laptopu. Sijaiweka na sidhani nitaiweka, kwa sababu zile saa mbili za giza zilinifanya nijiulize kitu ningefaa kuuliza kabla ya kuandika skripti: asilimia 90 ya nini, kwani?

Kwanza niseme hivi, hiyo nambari si uongo. Zile uniti zinazopita kwa nyaya zetu, karibu tisa kati ya kumi zinatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria ilianza 1981, mtambo mkubwa wa kwanza wa aina hiyo Afrika, wakati nchi nyingi tajiri zilikuwa zinachoma makaa ya mawe bila hata kufikiria. Leo mvuke pekee unabeba karibu asilimia 40 ya stima yetu. Kule Loiyangalani kuna mitambo ya upepo 365, kama siku za mwaka, megawati 310. Ukiwa Mkenya na usijivunie hiyo, una roho ngumu.

Lakini stima ni kipande tu cha nishati ambayo Kenya inatumia. Kwa hesabu ambazo serikali imekuwa ikizitumia miaka mingi, kuni na makaa ndizo karibu asilimia 68 ya nishati yote ya nchi hii. Petroli, dizeli na wenzao ni kama 22. Stima, hiyo yetu ya kujivunia, ni kama 9. Yaani tunachukua kipande cha tisa, tunapima ndani yake, tunapata kiko safi, halafu tunaenda Umoja wa Mataifa kifua mbele. Ni kama kuoga mkono mmoja na kusema umeoga.

Sensa ya 2019 iliuliza watu wanapika na nini. Asilimia 55 ya nyumba walisema kuni. Karibu 12 makaa. Gesi karibu 24, mafuta taa karibu 8. Jumlisha uone stima imebakiwa na nini.

Nilimuuliza mama wa chapati usiku huo huo. Nikamwambia, "Mama, ukipewa jiko la stima leo, bure kabisa, unaacha makaa?"

Akacheka. "Kijana wangu, na hiyo stima yako ikipotea chapati ikiwa nusu, hawa wateja nitawaambia nini? Makaa nanunua ya mia. Pesa ikiingia naongeza ya mia ingine. Gesi nayo inataka pesa yote mara moja."

Hapo kuna somo la uchumi ambalo mimi, na diploma yangu, sikuwa nimefikiria. Makaa ni ghali ukihesabu kwa mwezi. Mtu wa mtungi wa kilo sita analipa kidogo kwa kila chakula. Lakini makaa yanauzwa kwa mkebe, yanafuata mfuko wa mtu wa siku kwa siku, na hayapotei saa moja jioni. Mama anajua kabisa moshi unamuumiza, hahitaji kuelimishwa. Ananunua uhakika.

Na huo uhakika una bei ambayo hailipwi Rongai. Ile tanuri ya udongo ya kuchomea makaa kule msituni inakula kilo sita hadi kumi za kuni ndio upate kilo moja ya makaa. Nyingine yote inapanda juu kama moshi. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwa misitu ya umma Februari 2018, ikaondoa marufuku Julai 2023. Miaka yote hiyo mitano, mimi sikumbuki hata siku moja makaa yakikosa mtaani. Bei ndiyo ilipanda.

Sasa rudi kwa kinyozi. Lita moja ya petroli kwa hizo jenereta ndogo inakupa kama uniti moja na nusu, mbili ukibahatika. Ukinunua lita kwa mia na themanini, uniti moja inakugharimu shilingi tisini au zaidi. Ya tokeni ni chini ya thelathini. Na hiyo lita ikiungua inatoa zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa. Kwa hivyo dakika ile stima safi inapotea, kinyozi analipa mara tatu na anachafua hewa kuliko mtu wa nchi yenye stima chafu lakini haipotei. Hayo yote ili anyoe vichwa sita. Nimemwona akikataa mteja wa saba kwa sababu petroli ilikuwa imeisha na pesa ya siku haikuwa imetosha kununua ingine.

Hii ndiyo mambo nataka tuongee. Watu wakisema mazingira na uchumi, tunaambiwa ni mizani, ukiinua huku unashusha kule. Labda Ulaya. Hapa kwetu vitu vyote viwili vinaanguka pamoja, siku ile ile, saa ile ile.

Kuna hesabu moja fupi ya mtaalamu wa nishati wa Japani, Yoichi Kaya. Anasema hewa chafu ya nchi ni vitu vinne vikizidishwa: idadi ya watu, pesa kila mtu anatengeneza, nishati unayotumia kutengeneza hiyo pesa, na kaboni iliyo ndani ya hiyo nishati. Ni hivyo tu. Mkenya wa kawaida anatumia karibu uniti 200 za stima kwa mwaka, yaani friji moja ya kawaida ya Mmarekani inamshinda. Mmarekani mwenyewe ni zaidi ya 12,000. Sasa niambie, kwa hivyo vitu vinne, sisi tutapunguza gani? Watu? Pesa? Mfuko wenyewe umetoboka. Vinabaki viwili vya mwisho: kutumia nishati bila kuimwaga, na kuifanya iwe safi. Kila kitu kingine ni hotuba.

Na hotuba tumesikia. Mnakumbuka 2023? Ijumaa ya Agosti 25 usiku, nchi nzima ikazima. Si mtaa, nchi. Uwanja wa ndege wa JKIA wenyewe ulikaa giza, abiria wakimulikiana na simu, sehemu nyingine za nchi zikangoja karibu siku nzima. Siku kumi baadaye, Septemba 4, Kongamano la Hali ya Hewa Afrika likafunguliwa KICC, na Rais akafika akiendesha mwenyewe kale kagari kadogo ka umeme. Picha ikazunguka dunia. Siku kumi tena baadaye, Septemba 14, EPRA ikatangaza bei mpya na petroli Nairobi ikapita 200 kwa mara ya kwanza, 211 na senti juu. Hiyo ni baada ya ushuru wa VAT kwa mafuta kupandishwa kutoka 8 hadi 16 mwezi wa Julai.

Wiki tatu tu, mambo matatu, na hakuna habari iliyoyaweka pamoja. Stima ikakatika, tukahubiria dunia kuhusu stima, halafu mafuta ambayo tunakimbilia stima ikikatika yakapanda. Nauli ya kutoka hapa kuingia tao ilipanda wiki hiyo na mpaka leo sijawahi kuiona ikirudi pale ilikuwa.

Sasa mtu ataniuliza, kama tuna mvuke na upepo na jua, kwa nini stima haitoshi?

Jibu la kwanza ni saa. Mahitaji ya nchi yanapanda jioni, kila mtu akiwasha taa, TV, heta ya kuoga. Mwaka 2025 kilele kilivuka megawati 2,300. Usiku wa manane yanashuka hadi zaidi kidogo ya nusu. Sasa Olkaria haijui kulala. Mvuke unatoka saa tisa usiku vile vile unatoka saa moja jioni, na usiku inabidi mitambo ipunguzwe kwa sababu hakuna wa kununua. Jua nalo linaenda nyumbani saa kumi na mbili, saa ile tunalihitaji. Kwa hivyo nchi moja ina stima ya kumwaga saa tisa usiku na haina ya kutosha saa moja jioni. Serikali yenyewe imekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja na saa nne usiku, sehemu fulani za nchi zinapunguziwa stima makusudi, hasa upande wa magharibi.

Jibu la pili ni nyaya. Hiyo magharibi inaumia kwa sababu laini kubwa za kupeleka umeme huko hazitoshi, si kwa sababu ardhi imeishiwa mvuke. Na hatukuanza juzi. Ile mitambo 365 ya Loiyangalani ilikuwa imesimama tayari 2017, upepo unavuma bure, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa haikuwa imeisha mpaka 2018. Tukalipa mabilioni ya shilingi kama fidia kwa stima ambayo haikuwasha hata balbu moja. Halafu Novemba 2024 mkataba wa Adani wa kujenga laini, ule wa dola milioni 736, ukafutwa baada ya mashtaka kutangazwa kule Marekani. Mimi nilifurahi ulipofutwa, nisidanganye. Lakini kufurahia hakujengi nguzo, na mtu wa Kakamega bado anakula gizani.

Ukiongeza na hii: katika kila uniti 100 zinazonunuliwa kutoka kwa mitambo, karibu 21 zinapotea kabla hazijalipiwa. Nyingine zinaisha kama joto kwa nyaya na transfoma zilizochoka, nyingine ni wizi, na mtaani tunajua nani ameunganisha nini wapi, tusijifanye. Hiyo 21 ni safi, asilimia 90 yake. Tumeichimba kwa mvuke, tumeisifu Nairobi, halafu tumeimwaga njiani.

Jibu la tatu ni bei, na hili ndilo linaniuma kwa sababu liko kwa simu yangu. Fungua SMS ya mwisho ya tokeni. Angalia pale imeandikwa umelipia stima pesa ngapi, halafu angalia makato mengine. Kwangu ni zaidi ya theluthi ya pesa yote. Humo ndani kuna mafuta ya mitambo ya dizeli, kuna tofauti ya dola, mfumuko wa bei, ada ya EPRA, ada ya maji, asilimia 5 ya umeme wa vijijini, na VAT ya 16. Ile ya dola ni kwa sababu mikataba mingi imeandikwa kwa dola. Shilingi ilipofika karibu 160 mwanzoni mwa 2024, tokeni zangu zilipungua na sikuwa nimewasha kitu kipya.

Lakini ya mafuta ndiyo nataka uiangalie vizuri. Inapanda mvua ikikosa.

Mabwawa ya Mto Tana, Masinga na wenzake wanne, ndiyo yalikuwa mgongo wa stima ya nchi hii. Wazee wetu wanakumbuka mwisho wa miaka ya tisini, ukame ukaja, mabwawa yakashuka, stima ikagawanywa kwa zamu, viwanda vikafunga, na mwaka 2000 uchumi ukasimama karibu kabisa. Juzi tena, 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipopiga hesabu, walisema joto lililosababishwa na binadamu liliufanya ukame huo uwezekane angalau mara 100 zaidi. Sasa fuata hiyo kamba. Hewa chafu inatoka kwa nchi zingine, sisi mchango wetu ni mdogo sana kwa dunia. Inaleta ukame Kaskazini na Ukambani. Maji yanashuka Masinga. Mitambo ya dizeli inawashwa. Tokeni yangu ya mia mbili inapungua uniti. Mama mmoja anaona heri makaa. Mti unaanguka. Kisha kwa kitabu cha hesabu za dunia, hiyo hewa ya makaa inaandikwa jina letu.

Najua kuna wenye watasema, basi na sisi tuchome tu. Wao walichoma wakatajirika, kwa nini sisi tuwe malaika? Hii hoja naiheshimu, na miaka mitatu iliyopita ningeitoa mimi mwenyewe. Kilichonibadilisha ni Lamu. Mwaka 2013 serikali iliahidi megawati 5,000 mpya ndani ya miezi 40, na ndani ya huo mpango kulikuwa na mtambo wa makaa ya mawe Lamu wa megawati 1,050. Wakazi, kupitia Save Lamu, wakaenda Tribunali ya Kitaifa ya Mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Wengi tunaikumbuka kama hadithi ya samaki na mikoko. Lakini soma upande wa pesa. Mkataba ungetulazimisha kulipia uwezo wa mtambo kila mwaka, uwe unawaka ama umelala. Na wakati huo kilele cha nchi hakikuwa kimefika hata 2,000. Tungekuwa tunalipia, kwa dola, mtambo mkubwa kuliko nusu ya mahitaji yetu yote, ukiwa umelala usiku pamoja na Olkaria. Ile miezi 40 iliisha, viwanda vilivyopigiwa hesabu havikuja, na 2021 serikali ikasimamisha mikataba mipya kwa sababu tulikuwa na stima nyingi ya bei mbaya. Miaka minne baadaye tukawa tunagawa stima jioni. Tulitoka kuwa na nyingi sana hadi kuwa na kidogo sana bila kupitia katikati.

Kwa hivyo uchafu si njia ya mkato. Makaa ya mawe hayangemfikia mama wa chapati bila zile nyaya ambazo mvuke pia unazingoja.

Sasa kuna jambo limenikalia rohoni, na ndilo hasa lilinifanya niandike. Mei 2024, Rais akiwa Washington, Microsoft na G42 ya Emirati walitangaza kuweka dola bilioni moja Kenya, na ndani yake kituo cha data cha Olkaria kinachotumia mvuke. Megawati 100 kuanzia, na mpango wa kufika gigawati moja siku za mbele.

Mimi si adui wa vituo vya data. Naishi kwa intaneti. Video zangu zote zimelala kwa kompyuta za watu mahali fulani, zinakula stima ya mtu. Na kuna hoja nzuri kabisa ya upande wao: kituo cha data hakilali, kwa hivyo kingenunua ule mvuke wa saa tisa usiku.

Lakini piga hesabu na mimi. Megawati 100 mchana na usiku, mwaka mzima, ni uniti milioni 876. Gawanya kwa zile 200 za Mkenya mmoja. Unapata watu zaidi ya milioni nne. Hiyo ni awamu ya kwanza tu. Gigawati moja ingekuwa zaidi ya asilimia 40 ya kilele cha nchi nzima cha 2025. Na kituo hakinunui saa tisa usiku peke yake. Kinanunua pia saa moja jioni, saa yangu na ya kinyozi. Mikataba ya wakubwa hutaka uhakika wa kila saa, na mwenye uhakika hakatiwi. Ikibidi mtu apunguziwe, sidhani tutauliza ni nani.

Mvuke ni safi lakini hauna mwisho wa kuujaza ndoo, una ndoo ngapi kwa saa. Kila megawati iliyopewa mmoja jioni haiko kwa mwingine. Hiyo ndiyo maana ya mpaka wa nishati, na wanasiasa wetu wa vyama vyote wanaongea kama hauko.

Hata mimi nilikuwa na suluhisho rahisi kabla sijakaa na kalkuleta. Nilinunua jiko la presha la stima, nikapika maharagwe nikisoma mita kabla na baada. Chini ya nusu uniti. Shilingi kumi na kitu! Nikasema basi, kila nyumba ipewe hili, makaa yaishe. Halafu nikazidisha. Jiko moja linavuta kama kilowati moja. Nyumba milioni moja zikiwasha pamoja saa moja jioni ni megawati 1,000 mpya, juu ya gridi ambayo tayari inakata watu. Hatuna. Tungekuwa tumewanunulia watu milioni moja jiko la kuzima nchi.

Lakini maharagwe hayajali yamechemka saa ngapi. Yanaweza kuchemka saa kumi alfajiri na yakakaa kwa hotipoti. Nduthi za umeme pia zinaweza kuchajiwa usiku: tuseme pikipiki laki moja, betri ya uniti tatu kila moja, zikigawanywa kwa saa sita za usiku ni megawati 50 tu, na zote ni ule mvuke ambao sasa tunaupunguza. Hizo ni petroli za dola ambazo hatutaagiza. Maji ya kupampu, barafu ya wavuvi, kinu cha unga, mkate. Viwanda vikubwa vimewahi kupewa bei nafuu ya usiku tangu 2017, na magari ya umeme yana bei yao. Mimi na tokeni zangu saa tisa usiku nalipa sawa na saa moja jioni. Mama akiniuliza kwa nini, nitamwambia nini? Ati mita yake haijui saa?

Kwa hivyo yangu ni haya, na mnaweza kunipinga. Kabla hatujaahidi mtu yeyote megawati 100 za kila saa, tufunge kwanza ile 21 inayovuja. Ukipiga hesabu ya mwaka, kinachovuja ni zaidi ya mara tatu ya hicho kituo cha kwanza cha data. Mvuke wa usiku uuzwe nusu bei kwa mita ya kawaida. Laini za magharibi zijengwe kwa mkataba ambao tunaweza kuusoma. Na kituo cha data kikitaka kuja, karibu, lakini kije na visima vyake vipya na betri zake za jioni, na kiandikiwe kwamba saa ya mgao kinazima kama sisi. Huenda wakakataa. Basi tutajua walikuwa wanataka nini.

Na ile asilimia 90, naomba tupumzike nayo kidogo.

Stima ilirudi saa tatu na robo usiku ule. Watu wakapiga makofi kwa koridoo, kama kawaida yetu. Kinyozi akazima jenereta, akakaa kwa kiti chake mwenyewe akihesabu noti. Mama alikuwa amebakisha chapati mbili, nikanunua zote.

Kama uko Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Kericho, niandikie hapa chini stima yenu hupotea saa ngapi, na ikirudi saa ngapi. Nataka nichore ramani. Na uweke pia mistari miwili ya SMS yako ya mwisho ya tokeni, ile ya stima na ile ya makato, lakini tafadhali ufute nambari ya mita kwanza.